Kidole Gumba Juu ya Jina

Jina lake kamili, kama lilivyojulikana mtaani na kazini, ni Gundi binti Mpanga Herufi, mjukuu wa Mama Habari. Nalitaja lote kwa sababu ni mdogo wangu wa tumbo moja, na kila kipande cha jina hilo kimefanyiwa kazi. Mama Habari, bibi yetu, ndiye aliyetumwa nyumba kwa nyumba mtu akifa au mtoto akizaliwa. Alikwenda kwa miguu, akasimama mlangoni, akamtazama mtu usoni kwanza kabla hajafungua mdomo. Mpanga Herufi, baba yetu, alifanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, akipanga herufi za risasi moja baada ya nyingine, na alisoma kinyumenyume vizuri kuliko wengi wanavyosoma kwa mbele. Jioni alirudi na mifuko imejaa mikato ya karatasi, na hiyo ndiyo iliyokuwa wanasesere wetu na mabinti wa kifalme wetu. Gundi mwenyewe alipika gundi, akatengeneza kijarida kiitwacho Pindo, akakilinda kama yai, kisha uzeeni akakiaibisha kwa neno moja tu alilolisema bila hata kugeuza kichwa.

Kazi yake ilikuwa kutoa fotokopi kwenye duka lililotazamana na kiwanda cha sare za shule, ambako mimi nilikuwa mshonaji wa suruali. Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa kioo, mashine inayonguruma kama mtu mwenye mafua, na harufu ya wino wa unga iliyomganda Gundi mpaka kwenye nywele. Mashine ikimeza karatasi vibaya ilizitema zimeharibika upande mmoja, na mwenye duka, ambaye hakuwa na roho mbaya, alikuwa akimwambia, "Hizo chukua ukawashie moto."

Mtoto wa Mpanga Herufi atawashaje moto kwa karatasi yenye upande mzima mweupe?

Alizikunja katikati, ule upande ulioharibika ukaingia ndani kama utumbo, ule mweupe ukabaki nje. Akapanga kurasa chache, akabana kwa stepla, na pini zilipomwishia alivuka barabara akanipa mimi nipitishe mshono mmoja wa cherehani mgongoni. Hicho ndicho kikawa kijarida. Hakikuwa na mhariri wala kibali wala bei. Ukiingiza kidole katikati ya kurasa ungeweza kusoma mtihani wa hesabu wa watoto wa watu, au barua ya mtu anayeomba likizo, na wengine walifanya hivyo hasa. Mke wa mlinzi wa kiwanda alikuwa akimaliza Pindo anaanza mtihani.

Jina la Pindo nililitoa mimi. Pindo la ndani la suruali ndipo fundi anapoficha kitambaa cha akiba na makosa yake, na mvaaji anatembea nayo miaka bila kujua.

Walioandika walikuwa ni sisi wenyewe, wanawake wa pale: washonaji, wakata vitambaa, wapiga pasi, na yule wa vifungo ambaye alikuwa na mdomo kama mkasi. Tuliandika wakati wa chakula, tumekalia marobota ya vitambaa, karatasi juu ya goti. Tuliandika yale ambayo mtu hasemi mezani. Mmoja aliandika jinsi alivyoogopa kujifungua mara ya pili kuliko ya kwanza. Mwingine aliandika kuhusu mama mkwe wake na chumvi, mpaka tukacheka tukashika mbavu. Mimi niliandika juu ya bwana harusi mmoja na suruali niliyomshonea bila mlango wa mbele, na ukurasa ule uliombwa urudiwe.

Gundi hakukubali kuandika upya maneno ya mtu. "Nikiandika upya mimi," alisema, "basi ameongea Gundi. Nataka aongee mwenyewe." Kwa hiyo alibandika mwandiko wa mtu kama ulivyo, na makosa yake na wino uliomwagika, kwenye karatasi mama, yaani ile ambayo mashine huipiga kopi. Shida ni kwamba mtu akimwaga moyo wake anaandika majina ya kweli. Anaandika jina lake, la mumewe, la wifi yake. Hapo ndipo gundi ilipofanya kazi yake. Alikata vikaratasi vyembamba kama kucha, akavipaka gundi aliyoipika mwenyewe kwa unga wa ngano, maji na shabu kidogo ya kufukuza wadudu, akavibandika juu ya kila jina, na juu ya kikaratasi akaandika jina la kuficha.

Kisha, na hili ndilo ninalotaka lieleweke vizuri, hakupiga kopi hata moja kabla hajaichukua ile karatasi mama na kumpelekea mwenye nayo. Alimkuta kwenye meza yake ya kazi au jikoni kwake, akaiweka mbele yake, akangoja. Mwenye nayo alipitisha kidole gumba juu ya kila kikaratasi. Kama kimeshika, kama hakuna pembe iliyoinuka, alisema, "Sawa." Asiposema sawa, ukurasa haukuingia. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya Pindo, na hakuna aliyeiandika mahali popote. Tuliiita kupitisha kidole.

"Gundi yako inashika kweli?" yule wa vifungo alimuuliza siku moja.

"Mimi nitazikwa, nitaoza, na hivyo vikaratasi bado vitakuwa vimeshika."

"Ukioza utatuambiaje?"

Nakala zilikuwa chache. Zilipita mkono kwa mkono, na zilirudi. Siku moja nakala mojawapo ilisahauliwa kwa kinyozi, kwenye mfuko wa mtoto aliyepelekwa kunyolewa. Gundi aliposikia alitoka dukani mbio, kalamu bado iko sikioni, akakuta wanaume watatu wameinamia kijarida kama wanasoma ramani ya hazina. Akakinyakua mikononi mwao. "Hiki ni cha wanawake," akasema. "Na wewe rudisha kichwa chako kwa kinyozi, umenyolewa nusu." Habari hiyo ilitufurahisha mwaka mzima. Karatasi ikipotea ulikuwa unajua pa kuikimbilia.

Baadaye kiwanda kilifungwa, duka likawa la kuuza simu, na sisi tukazeeka. Nakala nyingi ziliishia walikoishia wasomaji wake. Lakini karatasi mama zote Gundi alizitia kwenye sanduku la bati, akalisukuma chini ya kitanda chake, na hakuna aliyeliulizia tena.

Aliyeuliza ni Waya. Waya ni binti wa kaka yetu, mtu mzima sasa, anapima damu za watu kwenye maabara. Tulimwita Waya tangu utoto kwa wembamba wake na kwa kufungua kila redio iliyomkaribia. Huyu ana tovuti yake mwenyewe. Mimi nilidhani ni kama ile mitandao ambayo watu wanapiga picha vyakula, nikamwambia hivyo, akacheka.

"Hapana, shangazi. Kule ni kuta za wenyewe. Unabandika maneno yako, mwenye ukuta anachagua nani ayaone, na akitaka anabandika tangazo lake la sabuni juu yake. Hii nimeijenga mwenyewe, kuanzia herufi mpaka rangi. Naandika ninachotaka. Anayeipenda anakuja, asiyeipenda anapita."

"Na nani anakuhariri?"

"Hakuna."

"Nani anakupa kibali?"

"Hakuna, shangazi."

Gundi, aliyekuwa amekaa kimya anachambua mchele, akaweka ungo chini. "Hiyo ni Pindo," akasema.

Basi. Kuanzia hapo hawakuachana. Waya alituonyesha tovuti za wenzake, watu wa kawaida tu: mmoja anaandika juu ya kuku wake, mwingine juu ya kuuguza mume, mwingine anachora kila kiatu alichowahi kuvaa. Kila mmoja ana ukurasa wake, na chini yake kuna majina ya rafiki zake ambayo ukiyabonyeza unafika kwao, kama vile sisi tulivyokuwa tukipokezana. Gundi alikuwa anaweka miwani juu ya miwani kutazama. Nilimwona mdogo wangu anarudi ujana mbele ya macho yangu, na nilifurahi, sisemi uongo.

Waya alikuwa na nakala chache za Pindo alizookota kwa mama yake. Alizipiga skani, akakunja uso. "Zimefifia. Maandishi yameliwa na madoa."

"Hizo ni kopi," Gundi akasema, kidevu juu. "Kopi ni za wasomaji. Mimi ninazo zenyewe."

Akainama, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda, akapuliza vumbi. Ilikuwa asubuhi, dirisha limefunguliwa, mimi nimekaa kitandani na kikombe changu cha chai. Waya alizitoa karatasi mama moja moja, akazipanga juu ya shuka, na kwa kweli zilikuwa nzuri. Wino ulikuwa mweusi kama wa jana. Ungeweza kuona mahali kalamu ya mtu ilipokandamiza. Gundi alisimama jikoni, mlango uko wazi, anapika uji na kutueleza kwa sauti ya juu nani alikuwa nani.

Waya alipofika chini kabisa ya sanduku akasema, "Shangazi, humu chini kuna vikaratasi vidogovidogo."

"Mikato hiyo," Gundi akajibu, mgongo umetugeukia, mwiko mkononi. "Takataka tu. Zoa."

Waya akazoa. Nilimwona anavikusanya kwa kiganja, anavitia kwenye ndoo ya taka. Vilikuwa vyembamba kama kucha.

Wala sikuwaza chochote. Gundi ndiye aliyekuwa anajua karatasi zake.

Wiki zile zilizofuata zilikuwa tamu. Pindo likawa kwenye tovuti ya Waya, ukurasa baada ya ukurasa. Watu wa mbali, tusiowajua, waliandika kwamba wamelia, kwamba wamecheka, kwamba na wao kwao walikuwa na kijarida kama hicho cha kubana kwa pini. Gundi alinunua kitambaa kipya cha kichwa. Alikwenda dukani akiwa hana cha kununua, ili asalimiwe. Mwenye duka akimwambia, "Mama mwandishi," anasema, "Ah, mimi mbandikaji tu," lakini anasimama pale aambiwe tena. Kwenye simu aliziangalia zile kurasa kama mtu anavyoangalia picha za watoto wake, uso tu. Hakuzisoma. Alikuwa anazijua kwa moyo, atazisoma za nini?

Kisha akaja binti wa Mpiga Pasi.

Mpiga Pasi alikuwa mwenzetu wa kiwandani, mwanamke mrefu, mtaratibu, ambaye shati likitoka mkononi mwake lilikuwa linasimama lenyewe. Yeye na Gundi walikuwa kama pete na kidole. Binti yake alikaa kwenye kochi la Gundi, pembeni kabisa, kama mtu anayengojea kuitwa kwa daktari. Hakutaka chai. Akatoa simu.

"Mama mdogo, huu ni mwandiko wa nani?"

Gundi akachukua simu kwa fahari, akainyoosha mbali na macho. "Huu? Huu ni wa mama yako. Alikuwa na mwandiko..."

Akaivuta simu karibu na macho.

Juu ya ukurasa, mahali palipotakiwa kuwa na kikaratasi, palikuwa na jina la Mpiga Pasi, herufi kwa herufi. Na kila mahali katikati palikuwa na jina la kaka yake, ambaye watu wote wanamwita Mwalimu Mkuu mpaka leo ingawa kastaafu. Na maneno yenyewe nayajua, kwa sababu wakati ule tuliyasoma sote bila kujua ni ya nani, na tulilia sote. Aliandika kuhusu miaka aliyomuuguza mama yake aliyepooza. Aliandika kwamba kaka yake anakuja Jumapili na machungwa, anakaa kwenye kiti kizuri, anamtazama yeye akifua shuka za mgonjwa, na watu wanasema, mwana huyu anampenda mamaye. Na mwisho aliandika hivi: "Leo nilipomgeuza niliomba Mungu amchukue. Siyo kwa ajili yake. Kwa ajili ya mgongo wangu."

"Mjomba ameletewa na mjukuu wake," binti akasema. "Ameisoma mbele ya watu. Sasa ipo kwenye simu za ukoo mzima. Wanamwita mama mambo ambayo siwezi kuyatamka hapa."

"Palikuwa na kikaratasi," Gundi akasema. Sauti ilikuwa si yake. "Nilibandika mimi mwenyewe. Mama yako alipitisha kidole."

Binti alimtazama kama mtu anayesikiliza lugha ya kigeni. Akainuka, akaaga kwa adabu zote, na adabu ile ilikuwa mbaya kuliko tusi.

Gundi alikwenda chumbani, akavuta sanduku, akatafuta. Karatasi nyingi vikaratasi vyake vilikuwa vimeshika kama alivyojisifu. Zilizobanduka zilikuwa za toleo moja tu. Nikamwona anaishika moja, anaipeleka puani, anainusa, na nikajua amekumbuka kabla hajasema. Msimu ule unga ulikuwa hauonekani madukani. Mpiga Pasi mwenyewe ndiye aliyemletea kikombe cha wanga wa kupigia pasi kola, akamwambia, tumia huu, nao unashika. Ulishika, lakini haukuwa na shabu. Wadudu wameula taratibu, miaka yote ile, chini ya kitanda, chini ya mgongo wa mdogo wangu aliyekuwa amelala juu yake.

"Nilisema zoa," akaniambia. "Dada, nilisema zoa. Sikugeuka hata kutazama."

Ilikuwa kweli.

Waya aliufuta ukurasa siku ileile. "Nimeutoa, shangazi. Haupo tena."

"Na kwenye simu ya Mwalimu Mkuu?"

Waya akainamisha kichwa.

"Ningekuwa najua kinyozi gani," Gundi akasema, "ningekwenda."

Nimeishi na mdogo wangu huyu maisha yangu yote na sijawahi kumwona vile. Kile kitambaa kipya alikikunja akakitia chini kabisa ya kabati. Akaanza kupita njia ya nyuma, penye majalala, ili asipite mbele ya duka. Mtu akibisha hodi anashtuka. Akiitwa jina lake, "Gundi!", mabega yanamshuka, kana kwamba anachekwa, na pengine kweli wapo waliokuwa wanamcheka. Chakula anageuzageuza kwenye sahani. Nilimwambia, twende kwa mwenzio ukamwombe radhi. Akasema, nitamtazama kwa uso gani? Nikamwambia, kwa huohuo ulio nao, huna mwingine. Siku hiyo hakwenda. Siku nyingine hakwenda pia. Na mimi aibu yake ilinivaa, ndugu ni hivyo. Nilikuwa nikikutana na mtu wa enzi za kiwanda najifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Mwishowe alivaa viatu mwenyewe. Akachukua ile karatasi mama, akaiweka katikati ya gazeti, akasema, "Nisindikize."

Mpiga Pasi anaishi chumba cha uani, na bado anapiga pasi nguo za watu. Tulimkuta amesimama mezani, kwenye meza iliyotandikwa blanketi lililoungua rangi ya chai, na mashati yametundikwa nyuma yake kama wageni. Alituona. Hakuacha kazi.

"Karibuni. Kaeni, kama mtapata pa kukaa."

Tulikaa juu ya sanduku la mbao. Pasi ilikwenda, ikarudi.

"Mwenzangu," Gundi akasema mwishowe, "nimekuja na aibu yangu."

"Weka hapo kwenye shati jekundu, bado sijalifikia."

Mimi nilitaka kucheka, nikajizuia. Gundi hakuelewa kama anataniwa au anafukuzwa. Akaendelea, akaeleza yote: sanduku, uji, ndoo ya taka, lile neno lake. Hakujitetea. Hakusema habari ya wanga, nami nikanyamaza.

"Mtoto wako hana kosa," akasema. "Na Waya hana. Ni mimi."

Mpiga Pasi alisimamisha pasi wima. Alikuwa amezeeka uso kuliko mwezi uliopita.

"Unajua nini kinachoniuma? Siyo kaka yangu. Kaka yangu aseme atakalo, machungwa yale niliyamenya mimi. Juzi nilikuwa na homa. Huyu binti yangu akaja kunigeuza anibadilishie shuka. Akanishika, akasimama. Akaniuliza, 'Mama, nakuumiza?' Hajawahi kuniuliza hivyo. Nikamtazama, nikaona anajiuliza na yeye ataanza lini kuomba." Akavuta pumzi. "Nami nikaona haya kuwa mzito."

Tone la maji lilidondoka kutoka kwenye shati.

"Nitalichoma sanduku lote," Gundi akasema. "Leo hii. Uani kwako hapa, mbele yako."

"Utachoma nini? Zako?"

"Zote."

"Zako ni zipi humo? Wewe ulizishika tu. Wa vifungo amekuambia uchome? Huyu dada yako amekuambia? Mara ya kwanza ulizitoa bila kutuuliza, sasa unataka kuziunguza bila kutuuliza." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndiyo maana iliingia. "Mimi sikukasirikia gundi. Gundi inazeeka, sisi wenyewe tumebanduka kila mahali. Nilikasirika kwa sababu hukunijia. Zamani ulikuwa unanijia. Unaiweka hapa mbele yangu, napitisha kidole, nasema sawa. Ungekuja nayo hivi, ningepapasa, ningekuambia, shoga, hapa hapana kitu. Tungecheka, tungebandika kingine. Kumbe mara hii ulikwenda kwa dunia nzima kabla hujaja kwangu."

Gundi alikuwa anaangalia sakafu. Machozi yalimdondokea kwenye viatu, akayaacha.

"Nipe karatasi yangu," Mpiga Pasi akasema.

Gundi akaitoa kwenye gazeti kwa mikono miwili. Mpiga Pasi akaiweka juu ya blanketi lake la pasi, akapitisha kidole gumba pale palipokuwa na jina lake, taratibu, huku na huku. Akakipitisha kwenye la kaka yake. Kisha akainusa.

"Wanga wangu huu," akasema.

"Ndiyo."

"Na hukusema."

"Ningeusingiziaje wanga?"

Mpiga Pasi akaguna. Sijui kama ilikuwa kicheko. Aliikunja karatasi, akaitia kifuani. "Hii inabaki kwangu. Nikitaka kuiweka, nitakuambia. Nisipotaka, nitazikwa nayo. Nendeni kwa wengine kabla wengine hawajaja kwenu."

Akarudi kwenye pasi. Hakutusindikiza, wala hakusema amesamehe. Lakini tulipofika mlangoni alisema, bila kuinua uso, "Mwambie yule Waya asiifunge tovuti yake. Nimesoma ule ukurasa wa mama mkwe na chumvi. Nilikuwa nimeusahau."

Njiani Gundi alisimama mara nyingi. Magoti yake yamekwisha, kila kizingiti kwake ni mlima. Tulipofika nyumbani Waya alikuwa barazani anatungoja, amefura macho, amekuja kutuambia kwamba anaifunga tovuti yote, na Pindo na mambo yake yote, hastahili.

"Hufungi," Gundi akasema. Akaketi, akapumua. "Zilizopo zitoe zote kwanza. Ukurasa ubaki mtupu. Andika tu kwamba tunapitisha kidole, tutarudi."

"Watu hawataelewa, shangazi."

"Wenyewe wataelewa."

Akamtuma alete sanduku la bati, na unga, na kipande cha shabu kilichokuwa kwenye mtungi. Palepale barazani akamfundisha kupika gundi: maji kwanza, unga kidogo kidogo usifanye madonge, shabu iliyosagwa mwishoni, koroga mpaka mwiko uache njia nyuma yake. Waya, ambaye anapima damu kwa mashine za ajabu, alikuwa amepiga magoti na mwiko, pua imejaa unga.

"Sasa nisikilize," Gundi akasema. Sauti yake ilikuwa imerudi, si yote, lakini niliitambua. "Mimi miguu sina. Utachukua sanduku hili. Kila iliyobanduka uifunike upya. Halafu utampelekea kila mtu ukurasa wake. Mmoja mmoja."

"Naweza kuwapigia simu kwanza?"

"Usipige simu. Bibi yangu hakupiga simu. Nenda kwa miguu, simama mlangoni, mtazame usoni kwanza. Weka karatasi mbele yake, ungoje. Usimharakishe. Akisema sawa, ndipo uipandishe. Akisema hapana, unaikunja unamwachia, unashukuru, unaondoka."

"Na waliokwisha kufa?"

"Hao wabaki sandukuni. Hawawezi kupapasa."

Waya akafunga kopo la gundi, akalifuta kwa kiganja, akalitia sandukuni pembeni ya karatasi. "Nianze na nani?"

Gundi alinyoosha kidevu upande wangu.

"Anza na huyu. Ana ukurasa wa suruali."